Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Sataranji, Mtwara

Ndugu wanachama,

Kwa heshima nawasilisha kwenu taarifa ya mwaka huu. Hesabu zimo katika taarifa ya mhazini. Mimi nitasema tu kwamba ada zililipwa vizuri zaidi baada ya wakulima kupokea fedha za korosho, na kwamba saa za kupimia muda wa wachezaji bado ni mbili tu.

Ninalotaka tulizungumze kwa kirefu ni pambano la meza ya kwanza dhidi ya wenzetu wa Lindi, lililochezwa hapa Shangani. Mchezaji wetu, aliyeshika kete nyeusi, alijibu e4 kwa c5 (herufi na namba hutaja mraba wa ubao ambao kete inakwenda), yaani Ulinzi wa Sisilia, na katika hatua ya tano akamsogeza askari wa pembeni hadi a6, akaingia katika tawi la Najdorf ambalo vijana wetu wanalipenda kwa kuwa mweusi hasubiri sare, bali anatafuta ushindi tangu mwanzo. Hatua ya nane malkia wake alimla askari wa b2, yule anayejulikana kuwa ana sumu, kwa kuwa malkia anayemla huweza kujiingiza hatarini. Ngome ya Lindi ikaja b1, malkia akakimbilia a3, na hatua ya kumi askari wao akasogea e5.

Hapo kijana wetu, aliyekuwa akicheza harakaharaka, alitulia dakika ishirini na tatu, kiganja shavuni. Mfalme wake alikuwa bado katikati, na kete kubwa zilizotoka zilikuwa malkia na farasi mmoja tu. Alichokariri kilikuwa kimeishia hapo, naye akashindwa kabla ya hatua ya thelathini.

Baadhi yenu mmependekeza tuuache ulinzi huu. Sikubaliani nanyi. Bobby Fischer mwenyewe, yule Mmarekani, alimla askari huyohuyo mwaka 1972 huko Reykjavik, Iceland, katika mchezo wa 11 wa kugombea ubingwa wa dunia, na Boris Spassky, aliyekuwa bingwa wakati huo, akamrudisha farasi wake b1 hatua ya 14 na kushinda. Hata hivyo Fischer ndiye aliyetwaa ubingwa huo. Kasoro yetu ni kukariri hatua bila kuuliza kila moja inafanya kazi gani.

Kwa hiyo naomba mkutano uidhinishe Jumamosi mbili za kila mwezi ziwe za kuchambua michezo tuliyopoteza. Mchezaji wetu amekubali kuanza na mchezo wake huo, na namshukuru kwa moyo wote.