Risala ya kikundi cha historia cha Edinburgh kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti wa kikundi,
Wazee wetu, mabibi na mabwana, na watoto mliojibanza karibu na sinia la sambusa,

Asalaam aleykum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe.

Tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako ukaja kuketi nasi jioni hii ya baridi. Sisi ni Watanzania na Wakenya tunaoishi hapa Edinburgh. Hatuna ofisi wala bendera. Tunakutana Jumapili moja kila mwezi, tunachemsha chai ya tangawizi na kusoma historia ya nchi iliyotupokea. Mwaka huu tumesoma chama kimoja tu, Wahafidhina wa Scotland, na chaguzi walizopitia.

Tulianzia kwa Mwalimu. Nyerere alisoma Chuo Kikuu cha Edinburgh kuanzia 1949 hadi 1952, kwa hiyo uchaguzi mkuu wa Oktoba 1951 ulimkuta hapa hapa. Matokeo ya Scotland mwaka ule, kwa viti vya bunge la London: chama cha Labour viti 35, wahafidhina na washirika wao 35, chama cha Liberal kimoja. Mwaka 1955 wahafidhina wakapanda hadi viti 36 kati ya 71, na kura asilimia 50.1. Kijana aliyefika Scotland juzijuzi ukimwambia hivyo anaona unamtania.

Ila, Mheshimiwa, wakati ule chama hicho hakikujiita cha Wahafidhina. Kuanzia 1912 hadi 1965 kiliitwa Unionist, yaani chama cha Muungano. Sisi Watanzania tuliposikia Muungano tulitega masikio, tukadhani ni ule wa Scotland na England. Kumbe ni wa Uingereza na Ireland! Mwaka 1886 Waliberali waligombana juu ya kuwapa Waairishi serikali yao wenyewe. Waliokataa wakajitenga, na 1912 wenzao wa Scotland wakaungana na wahafidhina. Jina hilo liliwavuta wafanyakazi wengi wa Kiprotestanti wa Glasgow na viunga vyake. Tena ndicho chama kilichompeleka bungeni mwanamke wa kwanza kuchaguliwa Scotland, Katharine Stewart-Murray, Duchess wa Atholl, mwaka 1923.

Mwaka 1965 chama kikaunganishwa rasmi na kile cha England na Wales. Hapa kikundi kiligawanyika, na chai ikapoa. Wapo wanaosema maanguko yalianza siku hiyo, kwamba chama kilichokuwa mti kilikubali kuwa tawi. Mimi ninayesoma risala hii sikubaliani nao. Viti vilishuka hadi 31 mwaka 1959, vikawa 24 mwaka 1964, jina likiwa lile lile la zamani. Ninachokubali ni kwamba baada ya hapo ilikuwa rahisi kwa wapinzani kusema, "Hawa wametumwa na London."

Na London ikawapa cha kusema. Mheshimiwa, sisi wenye mababu waliowakimbia makarani wa mkoloni porini hatukuhitaji kufafanuliwa kodi ya kichwa. Serikali ya Margaret Thatcher, Waziri Mkuu mhafidhina wa Uingereza, iliianzisha Scotland tarehe 1 Aprili 1989, mwaka mzima kabla ya England na Wales, na hadi leo watu husema walifanywa panya wa majaribio. Kilichotushangaza ni chanzo chake. Mwaka 1985 nyumba za Scotland zilithaminiwa upya, kodi za majengo zikaruka, na waliopiga kelele zaidi ni wapiga kura wa chama chenyewe. Viongozi wa chama hapa wakaibana London ilete kodi mpya haraka. Walichokiomba wakapewa.

Viti vilikuwa 21 mwaka 1983, vikabaki 10 mwaka 1987, kabla hata kodi hiyo haijaanza kukusanywa. Mwaka 1992 vikawa 11. Kisha ikaja tarehe 1 Mei 1997: sifuri. Usiku mmoja mawaziri watatu, Malcolm Rifkind, Ian Lang na Michael Forsyth, walipoteza majimbo yao. Asilimia 17.5 ya kura, bila mbunge hata mmoja.

Septemba mwaka huo huo Waskoti wakapiga kura ya kuwa na bunge lao, na asilimia 74.3 wakasema ndiyo. Wahafidhina walikuwa wamesema hapana. Ni bunge hilo hilo walilolikataa lililowaokoa. Mama mmoja wa kikundi alituonyesha jinsi gani, kwa maharage mezani. Bunge hilo la Scotland, liitwalo Holyrood, lina viti 129: 73 vya majimbo, na 56 vya orodha za vyama, saba kwa kila kanda katika kanda nane. Kura za orodha za kila chama hugawanywa kwa idadi ya viti ilivyokwisha kupata katika kanda, ukiongeza moja, na chama chenye kifungu kikubwa zaidi huchukua kiti kinachofuata. Glasgow mwaka 1999 Labour walizoa majimbo yote 10, hivyo rundo lao la maharage likagawanywa kwa 11, likawa kifungu kidogo tu. Wahafidhina hawakuwa na jimbo, rundo lao likabaki zima, wakaokota kiti kimoja. Nchi nzima waliingia wabunge 18, wote kwa orodha. Maharage tuliyapika baadaye.

Miaka iliyofuata nitaipitia upesi, maana sambusa zinapoa. Kwa muda mrefu walikuwa na mbunge mmoja tu Westminster, yaani bunge la London. Panda wawili, wale dubu weusi-weupe wa China, walipoletwa bustani ya wanyama ya Edinburgh Desemba 2011, mji mzima ulirudia mzaha kwamba Scotland ina panda wengi kuliko wabunge wa Wahafidhina. Kura ya uhuru ya 2014 ndiyo iliyowafufua: asilimia 55 walikataa kujitenga, na Ruth Davidson, kiongozi wa Wahafidhina wa Scotland wakati huo, akawaendea hao. Holyrood 2016 wakapata viti 31, wakawapita Labour. Westminster 2017 wakapata 13, na mzaha wa panda ukafa. Jina la Muungano likarudi kufanya kazi, safari hii Muungano wa Scotland na England kweli.

Halafu 2019 viti sita, na 2024 vitano, kwa asilimia 12.7 ya kura. Angalia hapo, Mheshimiwa: asilimia 17.5 iliwapa sifuri, asilimia 12.7 ikawapa vitano. Kura zao chache zimekusanyika kwenye mashamba ya mpakani kusini na kaskazini mashariki karibu na Aberdeen.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, changamoto hatukosi. Wengi wetu tunafanya kazi za zamu kwenye nyumba za wazee, na mara mbili mwaka huu tulikutana watu wanne. Ukumbi nao unapasha joto upande mmoja tu, kama unavyoona wote tulivyosogea huku.

Maombi yetu ni mawili. Kwanza, wewe ni mwalimu wa historia: tunaomba utuazime vitabu kuhusu Unionist wa kabla ya 1965, kwani maktaba ya mtaa ina kimoja, na kina foleni. Pili, utuamulie ugomvi wa miezi mitatu: Unionist kwa Kiswahili tuseme Wanamuungano, au tuache neno lao lilivyo?

Tunaomba kuwasilisha.