Risala ya Klabu ya Baiolojia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Taaluma

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Tunakushukuru kwa kukubali kupanda huku Kilimanjaro licha ya majukumu yako na hali ya barabara, ambayo leo si mada yetu.

Klabu ilianza na mwalimu mmoja na majani machache ya kahawa yenye kutu, ugonjwa wa majani unaoletwa na fangasi. Leo tunajivunia hebaria, yaani mkusanyiko wa mimea iliyokaushwa, kubwa kuliko zote za shule katika kata hii, na ya pekee. Tunachuma jani lenye unga wa rangi ya chungwa upande wa chini, tunalikausha kwa kulibana kati ya magazeti, kisha tunalitia kwenye bahasha na kuandika mmea, mahali, mwinuko, tarehe na aliyelichuma. Bila maandishi hayo, jani ni takataka. Yakiwapo, mtafiti wa kesho ataona kutu ilikuwa imepanda hadi wapi mlimani.

Mheshimiwa, huu si mchezo wa watoto. Mwaka 1869 Waingereza Berkeley na Broome walimpa fangasi huyu jina la Hemileia vastatrix baada ya kuchunguza majani yaliyotoka Ceylon, Sri Lanka ya leo. Baadaye wakulima wa huko waliiacha kahawa wakahamia chai. Bustani ya Kew, London, inatunza vielelezo vya fangasi zaidi ya milioni 1.25. Vyetu vimo kwenye maboksi ya mafuta ya kula, chini ya meza ya maabara.

Ombi letu ni moja: kabati la chuma lenye milango inayofunga. Masika ya mwaka huu bahasha ziliota ukungu, yaani fangasi akamvamia fangasi mwenzake. Zilizopona zikatobolewa na wadudu. Jani lililotoka shambani kwa bibi yake mwenyekiti wetu limebaki lebo safi na vumbi.

Ombi hili si geni. Mgeni rasmi wa mwaka juzi aliahidi kabati hapa hapa, tukampigia makofi ya kilo. Wa mwaka jana alisema suala liko kwenye mchakato, akaomba vipimo. Vipimo tulipeleka. Hatumlaumu mtu, viongozi wana mambo mengi, ila masika hayasubiri mchakato.

Kukupunguzia usumbufu, tumeambatanisha vipimo vilevile pamoja na bei ya fundi wa hapa sokoni. Kama leo fungu halipo, tutajie tarehe tu. Katibu ameshashika kalamu.

Tunaomba kuwasilisha.