Fungueni stoo, watoto wapewe matarumbeta

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji. Mwezi uliopita tulimzika baba yangu mdogo kijijini kwetu, wilaya ya Rungwe, na tangu nirudi hapa Uyole kuna jambo limenikaa kooni.

Marehemu alipiga tromboni kanisani kwa zaidi ya miaka arobaini. Msiba wowote ukitokea pale kijijini, uwe wa tajiri au wa mtu asiye na ng'ombe hata mmoja, yeye na wenzake walisimama kando ya kaburi na kupiga mpaka udongo ujae. Siku yake ilipofika, jeneza lilishushwa kwa wimbo uliotoka kwenye spika, kijana kauchomeka kwa fleshi. Kwenye ubeti wa pili jenereta ikazima. Tukasimama pale tukisikiliza udongo unavyoangukia mbao, hakuna aliyeanzisha wimbo.

Na vyombo vilikuwepo. Baada ya mazishi nilikwenda kuchungulia kwenye dirisha la stoo ya kanisa. Niliona matarumbeta matano, tromboni mbili na lile besi kubwa la kubebwa begani, vyote chini ya mifuko mitupu ya saruji. Tromboni moja ni ile ya marehemu, naijua kwa kamba nyekundu ambayo yeye mwenyewe aliifunga kwenye shingo ya chombo. Niliyemwuliza alinijibu kwa upole kabisa: "Mama, havipigwi siku hizi. Hakuna watu."

Hilo neno ndilo lililonifanya nishike kalamu. Najua watu wa kupiga vile vyombo walikuwa wanapatikanaje, kwa sababu mimi ni mmoja wao.

Nyumbani kwetu, tukishakula, iwe mbalaga au kande, hatukuruhusiwa kunyanyuka. Baba aliishaandika wimbo kwa mkaa kwenye karatasi ya mfuko wa saruji, kwa herufi za noti: d, r, m, f, s, l, t (do, re, mi, fa, so, la, ti), na nukta zake za kupimia muda. Mama alikuwa sauti ya pili, kaka yangu mkubwa besi, baba mwenyewe sauti ya tatu. Mimi nilikuwa na sauti ya kwanza pamoja na dada zangu. Wote wawili walikuwa wakubwa kwangu, na mmoja alikuwa na sauti iliyopasua mabati. Baba alikuwa na sheria moja ambayo hakuilegeza kwa mtoto yeyote: hukabidhiwi chombo mpaka uweze kuimba sauti yako huku mwenzako anaimba yake karibu na sikio lako, na usipotezwe. Mimi nilipotezwa mara nyingi mno. Nilikuwa darasa la tatu, mwaka 1984, nilipomaliza beti zote nne kaka akinguruma besi sikioni mwangu. Baba hakusema kitu. Aliingia chumbani akatoka na tarumbeta, akalipangusa kwa kanga ya mama, akanipa.

Msichana kupiga tarumbeta halikuwa jambo la kawaida. Bibi mmoja jirani alimwonya mama kwamba nitaharibika mapafu nisizae. Nina watoto watatu.

Wamisionari wa Kimoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na upigaji huu wa matarumbeta ni desturi ya kanisa lao tangu kwao Ujerumani. Hata ile ibada ya Pasaka ya alfajiri makaburini, waliianza katika mji wa Herrnhut mwaka 1732. Baba alitusimulia hayo ili tujue kwamba tunapoamshwa saa tisa usiku hatuonewi peke yetu. Tuliamka kweli. Mvua za Rungwe mnazijua, na Pasaka huangukia wakati ambao njia zote ni tope na migomba inadondosha maji shingoni. Tulitembea kwa taa ya chemli, matarumbeta tumeyaficha chini ya makoti. Tulijifunza kuyaficha baada ya aibu. Mwaka mmoja tuliyabeba wazi, tukafika makaburini yamepoa kama jiwe la mtoni, na tulipoanza, kwaya ilikuwa juu na sisi tuko chini. Hewa ya baridi ndani ya bomba hushusha sauti, na hakuna ujanja wa midomo unaoweza kuipandisha yote. Tangu hapo baba mdogo alitupanga nyuma ya ukuta dakika kumi kabla, tupulize pumzi ya joto ndani ya vyombo bila kutoa mlio. Watoto kumi na mbili gizani, wanapumua tu. Kisha anga likianza kuwa jeupe nyuma ya mlima, anainua kidole kimoja, na sauti zote nne zinaingia pamoja juu ya makaburi ya babu zetu. Sijawahi kupata kitu kingine maishani mwangu kinachofanana na sekunde ile.

Baba mdogo ndiye pia aliyetutoa kwenye nyimbo za kanisa na kutuingiza kwenye gitaa. Alikuwa kibarua wa reli ya TAZARA, ile ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, na safari moja alirudi kutoka Zambia na gitaa lenye ufa mgongoni. Alipiga kwa vidole viwili: gumba linatembea na besi, cha shahada kinaimba juu yake. Sisi watoto tulikuwa wanne tuliomfuata kama vifaranga, mimi, binamu yangu na wavulana wawili wa jirani. Gitaa lake hatukuruhusiwa kuligusa akiwa kazini, basi tukatengeneza la kwetu: galoni la mafuta ya kula, ubao wa mkingu, na nyuzi tulizozichambua kutoka kwenye waya wa breki za baiskeli. Waya wa breki una nyuzi nyingi ndani yake, unachagua nyembamba na nene. Vidole vilitoka damu. Ngoma ilikuwa ndoo ya rangi iliyowambwa ngozi ya mbuzi, na mmoja wetu alipiga chupa ya soda kwa msumari. Likizo moja tulichuma chai kwa vibarua, tukachanga fedha, tukamtuma mtu Mwanjelwa atununulie seti ya nyuzi halisi. Tulipozifunga na kusikia sauti yake, binamu yangu alilia.

Tuligombana sana. Nani aanze, nani anaharakisha, nani kasahau zamu yake. Lakini hakuna aliyeweza kuondoka, kwa kuwa akitoka mmoja wimbo unavunjika. Mpiga chupa akiugua malaria, hatukupiga wiki nzima. Ndipo tulipojua thamani ya chupa.

Nasema haya kwa sababu makanisani sasa kuna kinanda cha umeme chenye midundo yake ndani. Kijana mmoja anabonyeza kitufe, ngoma inalia, besi inalia, hata tarumbeta linalia. Sina ugomvi na kinanda, na wako vijana wanaokipiga vizuri sana. Ila kinanda kile kinafanya kazi ya watoto kumi, na wale tisa wanarudi kukaa kwenye mabenchi wakimtazama mmoja. Miaka kumi ya kukaa kwenye benchi inatosha kuzaa jibu lile la "hakuna watu".

Mwangalieni marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyefundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo na kuizungusha zeze na ilimba, ile ya kupigwa kwa vidole gumba, duniani kote. Alifariki mwaka 2003, na mpaka leo watoto na wajukuu zake wanapanda jukwaani. Aliwakalisha karibu naye wakiwa wadogo, akawaachia vyombo mikononi.

Ombi langu ni hili. Nawaomba wachungaji na wazee wa kanisa wa Mbeya, Rungwe, Njombe na Iringa, Wamoravian kwa Walutheri, ingieni kwenye stoo zenu wiki hii. Toeni vyombo nje vianikwe. Vilivyo vizima wapeni watoto wa darasa la tatu na la nne, msisubiri vijana wa kwaya ambao wana kazi na ndoa. Tafuteni mzee mmoja aliyewahi kupiga, bado wapo, mkae naye kila Jumamosi kwa muda wa saa mbili tu. Mkihofia vitaibwa, andikeni namba na majina kwenye daftari, mzazi atie sahihi. Vikibaki ndani vinakufa pia, kutu haitii sahihi.

Mimi nimeanza. Baada ya msiba niliandika barua ya kuomba, na nashukuru nilipewa matarumbeta mawili kwa mkopo. Kila Jumamosi mchana, nikishafunga genge langu la viazi, watoto wanne wa mtaa wanakuja uani kwangu. Sheria ya baba naifuata ile ile, wanaimba kwanza. Majirani wamenivumilia, Mungu awabariki.

Tarumbeta moja ni zima. La pili, pistoni ya kati, yaani kile kitufe cha kubonyeza kubadili noti, imeganda juu kwa kukaa miaka bila mafuta. Nimejaribu mafuta ya cherehani, nimejaribu maji ya uvuguvugu, haishuki. Binti anayelipiga ana miaka tisa. Noti za mi na la amejifunza kuzitafuta kwa pistoni ya tatu peke yake, lakini ti haitoki safi, na kila akiifikia ananitazama. Kama kuna msomaji anayemjua fundi wa vyombo vya kupuliza, Mbeya, Iringa au hata Songea, naomba aandike kwenye ukurasa huu huu. Nitalibeba mwenyewe kwa basi.

Mpiga tarumbeta,
Uyole, Mbeya