Jodari hajui mpaka

Mhariri,

Nimevua kwa mshipi hapa Mkokotoni miaka 31. Marehemu baba alinifundisha kumtafuta jodari kwa kuangalia ndege, na msimu wa kaskazi hatukurudi mikono mitupu. Sasa tunamaliza petroli, tunarudi na vibua.

Samaki huyu leo yuko kwetu, kesho yuko nje ya maili 200, bahari isiyo ya nchi yoyote, ambako meli kubwa humzungushia nyavu penye vielea vya kumvutia. Ndiyo maana nimefurahi kusikia redioni kwamba Mkataba wa Bahari Kuu, uliopitishwa Umoja wa Mataifa Juni 2023, umeanza kutumika Januari 17, 2026. Sasa hifadhi zinaweza kutengwa hata huko nje. Mimi ningeanzia Saya de Malha, mwinuko wa chini ya bahari kati ya Shelisheli na Morisi, penye malisho makubwa ya nyasi bahari.

Najua uvuvi wa jodari una tume yake ya kuusimamia, mbali na mkataba huu. Lakini wakubwa wetu wanapokwenda kwenye vikao vya mkataba na vya tume, waje kwanza dikoni watuulize. Mimi nipo kila alfajiri.

Mvuvi wa mshipi,
Mkokotoni, Unguja