Aliyevunjika mguu hapakiwi mshikaki

Wanangu wa vijiwe vya bodaboda,

Nawaandikia kwa hasira. Kila mwenzenu akianguka mnafanya lilelile: mnamnyanyua kwa makwapa, mnampakia katikati ya wawili, mguu unaning'inia, mbio hospitali. Najua mnampenda. Lakini mnamwua.

Mfupa wa paja ndio mrefu na imara kuliko yote mwilini. Ukivunjika, misuli mikubwa ya paja hujikaza na kuvuta vipande vipandane, ncha zake zikachana nyama na mishipa. Damu lita 1 hadi 1.5 inaweza kuvujia humo ndani bila tone kuonekana nje, na mtu mzima ana kama lita 5 tu. Kila tuta mnaloruka linaongeza uvujaji.

Mtoeni njiani, mlazeni. Wekeni khanga iliyokunjwa katikati ya miguu, sogezeni mguu mzima kando ya ulioumia, fungeni pamoja kwa vitambaa vipana: vifundoni, magotini, juu na chini ya palipovunjika, kamwe si hapo penyewe. Bonyezeni ukucha wa kidole gumba cha mguu ulioumia hadi uwe mweupe, kisha achieni. Weupe uondoke ndani ya sekunde 2. Usipoondoka, legezeni. Kisha tafuteni gari la kumlaza, hata kirikuu. Asile, asinywe, huenda akapasuliwa. Mfupa uliotokeza msiurudishe. Funikeni kwa kitambaa safi. Anahitaji dawa ya kuua vijidudu na sindano ya pepopunda mapema.

Linaloniuma zaidi ni kumtorosha wodini kumpeleka kwa fundi wa mifupa. Chini ya goti misuli imegawanyika katika vifuko 4 vya utando mgumu usiotanuka. Mguu ukivimba huku umebanwa na mabanzi, damu haipiti. Kwa saa 6 hivi misuli huanza kufa, na iliyokufa hairudi. Dalili ya kwanza ni maumivu yanayozidi jeraha lenyewe: ukimnyooshea vidole vya mguu anapiga ukelele. Ganzi hufuata. Mnamwambia jikaze, dawa inafanya kazi! Fungueni mabanzi saa ileile, mrudisheni hospitali. Mkisubiri mguu uwe mweusi, kitakachobaki ni kuukata. Hata hogo la hospitali, ile plasta ngumu, likibana hivyo, rudini usiku huohuo.

Na kuchua kwa mafuta palipovunjika, acheni. Sigara nayo huchelewesha mfupa kuunga.

Nanyi matajiri wa pikipiki, mnaodai hesabu kijana akiwa bado na hogo: muundi, mfupa wa mbele chini ya goti, huhitaji miezi 3 hadi 4, pengine zaidi. Mkimrudisha barabarani wiki ya sita, mfupa hupinda au haushiki kabisa. Aibu iwe yenu.

Mwanangu uliyelala na hogo, paja linanyauka upesi lisipofanya kazi. Daktari akikuruhusu, likaze, hesabu hadi 5, achia, mara 10, asubuhi, mchana na jioni. Chezesha vidole kila unapokumbuka.

Kila kijiwe kiwe na vitambaa vipana 6, khanga 2, na namba ya mwenye kirikuu iliyoandikwa ukutani.