Barua ya kufunga muhula: kuhusu neno "kusemea"

Columbus, Ohio
Jumamosi, 14 Desemba 2024

Ndugu wazazi na walezi,

Wakubwa shikamooni, wengine hamjambo. Leo tumefunga muhula. Shule yetu ya Kiswahili ya Jumamosi itafunguliwa tena tarehe 11 Januari, saa nne asubuhi, yaani pale simu zenu zinapoandika 10. Nasisitiza kwa sababu kuna familia mbili zinazokuja saa sita na kunikuta nafagia.

Ripoti za watoto ziko kwenye bahasha. Wadogo wamemaliza ngeli ya KI-VI, ingawa "kitabu yangu" bado inasikika kila upande. Najua wapo wanaoisikia nyumbani, sigombani na mtu. Wakubwa wameandika barua kwa bibi na babu. Tafadhali zitumeni kweli, zisiishie kwenye droo. Ambao hawajamaliza mchango wa kodi ya ukumbi, tuzungumze pembeni.

Hayo ni ya kila muhula. Ninalo lingine, nalo ni refu kidogo.

Mwezi wa kumi, Jumamosi moja ya mvua, nilikuwa nawasimulia wadogo hadithi ya sungura na fisi. Chumba cha pili watu wa kanisa walikuwa wanapanga viti vya chuma, rundo likaanguka kwa kishindo. Kabla sijageuka, mtoto mmoja wa darasa la pili alikuwa ameshazima taa. Wenzake kumi na mmoja walikuwa chini ya meza, magoti kifuani, kimya. Binti mmoja akanivuta sketi, akaninong'oneza: "Mwalimu, kaa chini, usiongee." Nikakaa. Tulibaki hivyo sakafuni mpaka mzee wa kanisa alipofungua mlango kuomba radhi. Yule aliyezima taa akanitazama kama fundi aliyekosea kipimo, akasema: "Nilisahau kufunga mlango kwa funguo."

Nilipowaeleza wazazi waliokuja kuchukua watoto, mama mmoja wa Fizi, kule Kongo, aliyekaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka mingi kabla ya kuletwa huku, aliniuliza: "Sisi si tulikimbia bunduki? Na huku tena?" Siku ile nilikosa la kumjibu.

Watoto wetu hufanya zoezi hilo la kujifungia, la siku mtu mwenye bunduki akivamia, katika shule zao za katikati ya wiki, wengine tangu chekechea. Sitasema halina faida. Ila linamfundisha mtoto cha kufanya bunduki ikishafika mlangoni. Nataka kuwaeleza habari za watu wanaoshughulika na siku na wiki za kabla ya hapo, kwa sababu karatasi zao huenda ziko kwenye begi la mwanao na hamjazisoma.

Leo imetimia miaka 12. Asubuhi ya 14 Desemba 2012, katika mji wa Newtown, jimbo la Connecticut, kijana wa miaka 20 aliingia shule ya msingi ya Sandy Hook na kuua watoto 20 wa miaka sita na saba, pamoja na watu wazima sita waliokuwa kazini. Kabla ya kutoka nyumbani alimuua mama yake. Bunduki zilikuwa za mama huyo, kazinunua kihalali. Mwezi wa sita mwaka huu, watoto wa rika lile walionusurika walimaliza sekondari.

Mwezi mmoja tu baada ya msiba, Januari 2013, baadhi ya wafiwa walianzisha shirika lisilo la faida, wakaliita Sandy Hook Promise, yaani ahadi ya Sandy Hook. Wanaoliongoza ni Nicole Hockley, mama wa Dylan aliyekuwa na miaka sita, na Mark Barden, baba wa Daniel aliyekuwa na miaka saba. Sisi tunajua mwezi mmoja baada ya kuzika mtoto mtu anakuwaje. Hao walisimama mbele ya kamera.

Mafunzo yao hupelekwa shuleni bila malipo. Ya watoto wadogo yanaitwa Start With Hello, anza na salamu. Mtoto anafundishwa kumwona mwenzake anayekula peke yake, kumsogelea na kumsalimia. Nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka kidogo. Sisi tuliolelewa kwa hodi na shikamoo, na kuulizana habari za nyumbani, za kazi na za mbuzi, leo tunafundishwa kusalimia? Kisha nikawakumbuka wanetu wanavyopita ukumbini na visikio masikioni bila kumwona hata bibi aliyekaa mlangoni. Nikaacha kucheka.

Ya vijana yanaitwa Say Something, sema kitu. Kijana anafundishwa dalili: mwenzake anazungumzia silaha kila mara, anatishia kwa "utani", anagawa vitu vyake anavyovipenda, anaandika kwamba kesho hatakuwepo. Akiona hivyo amwambie mtu mzima anayemwamini, na asipompata, atume taarifa kwa simu bila kutaja jina. Taarifa hizo hupokelewa usiku na mchana na watu waliosomea kazi hiyo, wanazifikisha shuleni na, inapobidi, polisi. Nyingi hazihusu bunduki kabisa. Zinahusu watoto wanaoonewa, wanaojikata, wanaotaka kujiua.

Waswahili husema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Secret Service, wale wanaomlinda rais wa Marekani, walichunguza pamoja na wizara ya elimu mashambulizi 37 ya shuleni, wakatoa ripoti mwaka 2002. Katika asilimia 81 ya mashambulizi hayo, kulikuwa na angalau mtu mmoja aliyejua mapema kwamba mshambuliaji analiwaza au analipanga jambo lile. Na aliyejua, karibu kila mara, alikuwa wa rika lake: rafiki, mwanafunzi mwenzake, ndugu wa tumbo moja. Watoto walijua. Wakubwa hawakuambiwa.

Hapa ndipo linapoingia neno langu la leo. Mtoto akileta habari za mwenzake, wenzake wanapiga kelele: "Anasemea, huyo anasemea!" Na sisi tunawaunga mkono. Tunamwambia aache umbea, ya watu awaachie wenyewe. Wengi wetu tumetoka mahali ambapo kumpelekea mwenye mamlaka jina la mtu kulikuwa na maana ya mtu huyo kutorudi nyumbani. Silidharau hilo. Hofu hiyo iliokoa watu.

Lakini niwaambie kosa langu. Mwaka jana binti mmoja wa darasa la wakubwa alinifuata wakati wa mapumziko, nikiwa nagawa maandazi. Akasema rafiki yake wa shule ya wiki anagawa nguo na vipodozi, anasema hatavihitaji tena. Nikamjibu hivi hivi, mkono kwenye sahani: "Mwanangu, ya watu usiyabebe." Akanyamaza, akachukua andazi lake, akaenda. Wiki tatu baadaye alinieleza kwamba jioni ileile alituma taarifa kwa simu, na mshauri wa shule akampigia mama wa yule rafiki kabla hawajalala. Rafiki yuko hai, anatibiwa. Binti alinieleza bila kunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nilimwomba msamaha mbele ya darasa zima, kwa ruhusa yake.

Kwa hiyo kuanzia muhula ujao, darasani kwangu mtoto anayesema ili mwenzake aadhibiwe tutamwita msemeaji kama zamani. Anayesema ili mwenzake asiumie au asiumize, hatumwiti kwa jina hilo tena. Nawaomba na nyumbani mtenganishe hayo mawili, kwa lugha yoyote mnayotumia.

Sheria ya Ohio inataka wanafunzi wa darasa la 6 hadi la 12 wafundishwe mambo haya kila mwaka, na mzazi anaweza kuuliza shule inatumia njia gani ya kupokea taarifa. Ulizeni. Asiyejua Kiingereza aje na karatasi yake hapa.

Sasa la mwisho, na hili si la watoto. Wapo kati yetu wanaolinda maghala usiku na wana bastola ya kazi. Wapo walionunua baada ya duka kuvamiwa. Sitaji mtu. Ripoti nyingine ya Secret Service, ya mwaka 2019, ilionyesha kwamba karibu robo tatu ya waliotumia bunduki kushambulia shule waliitoa kwenye nyumba ya mzazi au ndugu wa karibu, na katika nusu ya matukio hayo ilikuwa mahali rahisi kufikiwa au haikufungiwa ipasavyo. Hapo jirani Michigan, katika mji wa Oxford, mvulana wa miaka 15 aliua wanafunzi wanne tarehe 30 Novemba 2021 kwa bastola ambayo baba yake aliinunua siku nne kabla. Asubuhi ileile mwalimu aliona amechora bunduki kwenye karatasi ya hesabu. Wazazi wakaitwa shuleni, wakaiona, wakarudi kazini, wakamwacha hapo. Mwezi wa nne mwaka huu kila mmoja wao alihukumiwa kifungo cha miaka 10 hadi 15. Hawakufyatua hata risasi moja.

Mtoto anayejua mlikoficha biskuti za Krismasi anajua pia kilichoko juu ya kabati nyuma ya mabegi. Iondoeni risasi, ifungieni bunduki kwa kufuli, risasi zifungiwe kwingine, na funguo zisining'inie kwenye msumari jikoni. Vituo vingi vya polisi hutoa kufuli ya waya bure, kupitia mpango uitwao Project ChildSafe. Anayeona haya kuingia kituoni aniambie, nitakwenda naye.

Na mwanao akialikwa kulala kwa rafiki, uliza kama nyumba hiyo ina bunduki na imefungiwa wapi. Kwetu mgeni haulizi ya ndani ya nyumba ya watu, najua. Ulizeni kama mnavyouliza habari za mbwa mkali. Niliuliza mara mbili kwa ajili ya mjukuu wangu. Mmoja alinishukuru, mwingine alinuna, na mjukuu akalala nyumbani.

Jumamosi ya kwanza ya Januari darasani, tarehe 11, tutabaki nusu saa baada ya masomo. Njooni na karatasi zote za shule za wiki ambazo hamkuzielewa, tuzisome pamoja. Yule mama wa Fizi nimeshamwomba akae mbele.

Uji wa wadogo siku hiyo bado haujapata mpishi. Sukari ipo, unga wa ulezi umekwisha.

Wenu,
Mwalimu Mkuu