Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Kofia Kwanza, Losheni Baadaye

Ndugu wanachama wa chama chetu cha watu wenye ualbino, wazazi mliokuja na watoto, na nyinyi mliofunga safari kutoka Ahero, Maseno na Bondo, karibuni Kisumu.

Mwaka huu tulimzika mwenzetu. Wengi mlimjua sokoni akiuza samaki. Kidonda kilianza juu ya sikio, akakifunika kwa leso na kukipaka dawa ya kienyeji, na alipofika hospitalini kilikuwa kimeshaingia kwenye tezi za shingo. Tangu mazishi yale simu yangu haijapumzika: huyu ameona doa, yule ana chunjua, mwingine mtoto wake amebabuka. Kwa hiyo taarifa hii itakaa sana kwenye ngozi, na mengine nitayapitia mbiombio.

Saratani inayotuandama zaidi sisi wenye ualbino huanzia kwenye tabaka la juu la ngozi, hasa usoni, masikioni, kichwani na shingoni. Mara nyingi hutanguliwa na mabaka makavu yanayokwaruza kama msasa. Hayo daktari wa ngozi anaweza kuyagandisha kwa naitrojeni baridi, na mtu akarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Hata saratani yenyewe, ikikatwa mapema, wengi hupona. Kidonda kilichomaliza mwezi bila kupona, kinachotoka damu kikiguswa, au kinachofunga kisha kufunguka tena, hicho usikiuguze nyumbani. Madoa ya kahawia ambayo umekuwa nayo miaka nenda miaka rudi yasikunyime usingizi, ila yakibadilika umbo, rangi au ukubwa, yaonyeshe.

Sasa losheni ya kukinga jua. Mgao wa bure ulipochelewa, kamati yenu ilihangaika huku na huko, na nilipokea lawama kana kwamba nimeficha makatoni chini ya kitanda. Tulipata, tukagawa, ikaisha. Nimefika mahali pa kusema wazi kwamba tumeitegemea losheni kupita kiasi, na hata hiyo tunayoipata tunaipaka kwa uchoyo. Uso, masikio na shingo ya mtu mzima vinataka kijiko kizima cha chai, na ukiwa nje unapaka tena kila baada ya saa mbili. Ukipaka utando mwembamba, ile kinga ya 30 au 50 iliyoandikwa kwenye chupa huipati. Piga hesabu kwa mama anayeuza mboga nje kutwa, uso, shingo na mikono: chupa ya mililita 100 haimfikishi wiki. Hakuna mfadhili wa kuimudu hesabu hiyo mwaka mzima.

Kofia inanunuliwa mara moja. Iwe na ukingo mpana unaozunguka kichwa chote, maana kepi huacha masikio na shingo, na huko ndiko tunakougulia. Shati liwe la mikono mirefu na kitambaa kilichofumwa kwa kubana. Lishike dhidi ya mwanga. Ukiona ng'ambo, jua nalo linapita. Mitumba ya soko la Kibuye hapa Kisumu ina mashati mazuri ya namna hiyo kwa bei ya chini kuliko chupa moja ya losheni. Losheni ibaki kwa sehemu ambazo nguo haifiki, pamoja na midomo.

Na saa. Wengi wetu tuliambiwa tujihadhari saa sita, tukadhani saa nane hatari imekwisha. Kisumu iko mbali magharibi katika majira yetu ya Afrika Mashariki, hivyo jua hufika kileleni karibu saa saba kasorobo, dakika ishirini hivi baada ya Mombasa. Kwa sababu hiyo makali yake huku yanaendelea hadi saa kumi. Shirika la Afya Duniani linashauri kujikinga kipimo cha miale ya urujuanimno, ile ya jua inayounguza ngozi, kinapofika 3. Sisi tulio kwenye ikweta mchana mara nyingi hupita 11, na mawingu mepesi hayazuii mengi. Mtoto asiye na saa aangalie kivuli chake: kikiwa kifupi kuliko yeye, akae chini ya mti.

Shule moja ilikuwa ikimvua mtoto wetu kofia kwenye gwaride kwa kuwa si sehemu ya sare. Tulikwenda na mzazi, tukaketi na mwalimu mkuu, tukaeleza bila kufoka. Leo mtoto anavaa kofia, na michezo ya darasa lake imesogezwa asubuhi. Safari hiyo ilitugharimu nauli ya matatu tu, na naiona kuwa kazi bora tuliyofanya mwaka huu.

Wazazi wenye ngozi nyeusi mmeniuliza kama nanyi mko hatarini. Kwenu jua si tishio kubwa hivyo. Chunguzeni nyayo, viganja na chini ya kucha, mahali ambapo melanoma, aina kali ya saratani ya ngozi, kwa watu weusi hupenda kujitokeza bila jua kuhusika. Bob Marley aliyefariki 1981 alianza na kidole cha mguu. Kovu la zamani la moto linalogeuka kidonda nalo lipelekeni hospitalini.

Mengine kwa ufupi. Siku ya ualbino ya 13 Juni tuliiadhimisha kwa amani. Tunapozungumza na kaunti tunaanza na sensa ya 2019, ya kwanza kutuhesabu: watu 9,729 nchi nzima. Ada za uanachama zinalipwa kwa kusuasua, na wanaodaiwa wanajijua.

Kamati inaleta hoja moja. Nusu ya fedha za losheni zinunue kofia pana na mashati ya watoto wa shule kabla ya muhula wa kwanza, na sehemu iwe nauli ya wanachama wanaohitaji kuonwa na daktari wa ngozi. Najua baadhi yenu hamtaipenda, na nafasi ya kuipinga mtapewa. Mweka hazina asome hesabu kwanza, kisha tupige kura.